Chini ya Waya wa Shaba

6 Februari

Mwanangu Macho Manne,

Hujambo? Najua mwenye kuamkia ni mdogo, lakini nikikungoja wewe nitaota mvi za pili. Basi marahaba, hata kabla hujasema shikamoo.

Sisi huku wazima. Mguu wangu wa kushoto bado unajua habari za mvua kuliko redio ya jirani. Cherehani nilimpelekea fundi, akanirudishia ikilia kama bata, nami nimeshaizoea, tunashona na kupiga kelele pamoja. Yule paka uliyemwacha amekufa. Usisikitike sana, amekufa mzee na mwizi. Mkeo hajambo? Na mwanao mliyempa jina la mama yako, ameanza kukaa? Mbona picha hamleti? Mnaogopa nitasema pua ni yangu?

Huyo usiyependa nimtaje naye yupo. Anaingia karakana yake asubuhi, anapiga randa kidogo, anakaa sana. Macho yake hayaoni tena alama za futi, sasa mbao anazipima kwa vidole. Juzi ametengeneza kigoda cha miguu mitatu. Nikamuuliza wa nne uko wapi, akasema mitatu haiyumbi.

Sasa lililonikalisha mezani. Bunduki ya babu yako bado iko ukutani, pale pale juu ya mlango wa sebule. Nasikia kuna askari wanaopita, wanataka kila mwenye bunduki ya zamani aeleze umri wake na thamani yake. Mimi hata umri wangu mwenyewe naukisia. Uliwahi kuniandikia kwamba jirani na duka lenu la miwani yupo mthamini wa vitu vya kale. Muulize, mtu anajuaje bunduki ilitengenezwa lini, na inafaa kiasi gani? Nifanyie hilo. Sijakuomba kitu tangu ulipoondoka.

Mimi shangazi yako, mwenye mguu wa mvua.


21 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilifika mapema, mimi ndiye niliyekawia. Mtoto hajambo, ameanza kukaa, ila kila mara huangukia upande wa kulia kama mzigo uliofungwa vibaya. Pua ni yako, tumekubali. Mama yake anakusalimu, anauliza kama umewahi kujaribu kuukanda huo mguu kwa maji ya moto au unaupenda hivyo hivyo.

Kuhusu bunduki nitasema mara moja, kisha nitanyamaza. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni siku niliyopiga magoti kwenye maranda ya karakana ile. Daktari alishasema mama apelekwe hospitali kubwa. Nilimwambia kaka yako, bunduki ipo, na tuiuze. Hakuinua hata uso kutoka kwenye ubao wake. Alisema, "Bunduki ya baba yangu haiuzwi," akaendelea kupiga randa. Mama akafia kwenye wodi ile yenye dirisha lililovunjika. Na leo ndiyo mnataka kujua thamani yake? Mimi naijua. Thamani yake ni mama yangu.

Kuna mtu mmoja tu ninayemwita mzazi wa kiume moyoni mwangu, naye sijapata kumwona. Ni yule Mfadhili aliyenilipia chuo cha miwani. Mtu baki, asiyenijua kwa sura, alinitendea wema ambao wa damu yangu alishindwa. Kila mwaka wa masomo nilimwandikia barua ya shukrani, nikamtumia kaka yako aifikishe. Kama aliifikisha sijui. Nilimwahidi huyo Mfadhili kwamba siku nitakayojua kazi nitamtengenezea miwani kwa mikono yangu. Ahadi hiyo bado ni deni.

Ila wewe sijui kukukatalia. Mthamini nimemwona. Ni mzee anayevaa miwani iliyofungwa kwa uzi. Nimempa fremu mpya akaikataa, eti ile ina historia. Anasema kwanza msiisugue wala msiipake mafuta, kwa sababu kutu ya zamani ndiyo cheti cha kuzaliwa cha chuma. Chini ya mtutu, karibu na mahali unapokunjikia, pana alama za kiwanda na namba. Weka karatasi nyembamba juu yake, sugua kwa penseli mpaka alama zijitokeze, kisha unitumie. Mtutu upime kwa ule utepe wako wa kushonea. Na ule waya wa shaba kwenye shingo ya kitako anataka ufunguliwe, mwone ufa ulio chini yake. Ufa wa zamani huwa umejaa uchafu mweusi, na humwambia mengi.

Mpwa wako, Macho Manne.


17 Aprili

Mwanangu,

Salamu tele, na hilo la maji ya moto nimelijaribu. Mguu umependa, mvua bado inautangulia. Mwambie mkeo ana akili kuliko aliyemwoa.

Karatasi hizo hapo ndani. Penseli ya kwanza ilivunjika, ya pili nimeiazima kwa mtoto wa jirani. Nadhani alama zinasomeka. Mtutu nimeupima, urefu nimeuandika nyuma ya karatasi.

Nilipanda kwenye kile kigoda cha miguu mitatu, na kweli hakikuyumba. Kaka yangu alikuwa amelala chumbani, mlango wazi. Siku hizi anakohoa, vumbi la mbao hilo. Akaniuliza, "Unafanya nini huko juu?" Nikamwambia, "Naitafutia bunduki umri wake." Akakohoa, akavuta shuka. Kisha akasema, "Tafuta," akageukia ukutani. Sikumbuki lini mara ya mwisho kaka yangu aliniruhusu jambo bila ubishi.

Waya sijaufungua. Mikono yangu imekataa. Nitaufungua ukishanijibu.

Umemwandika mama yako vizuri. Nami nilimpenda, alikuwa wifi asiyenuna. Mengine uliyoandika kwenye barua ile nimeyameza, na koo langu si pana kiasi hicho. Jibu upesi mwanangu. Siombi, nasema.

Shangazi yako.


12 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sitasingizia posta. Karatasi zako zilinifikia zamani, nikazitia kwenye droo pamoja na lenzi zilizovunjika, nikafunga. Kila nilipotaka kuzitoa, mkono ulikuwa mzito. Mtoto naye alipata homa, amepona sasa, anasimama kwa kushika kiti. Nilijiambia nangoja apone. Si kweli, nilikuwa nangoja hasira ipoe, nayo haikupoa.

Juma lililopita nikamwendea mthamini. Aliziweka karatasi kwenye mwanga wa dirisha, akashusha miwani yake ya uzi, akacheka kidogo. Nikamwambia usicheke, ni bunduki ya babu. Akaniuliza, "Babu yako alifariki lini?" Nikamwambia, kabla sijazaliwa. Akasema, "Basi bunduki hii si ya babu yako. Alama hii kiwanda kilianza kuipiga baadaye sana. Wewe ulikuwa unatambaa hivi ilipotengenezwa. Hii ni mdogo wako."

Kuhusu thamani, akasema ni bunduki ya bei ya chini kabisa, aina iliyokuwa ikiuzwa kwenye maduka ya majembe na misumari, wakulima wafukuzie nyani. Mkusanyaji wa vitu vya kale hainunui. Hata ikiuzwa haiwezi kumlaza mgonjwa hospitali siku mbili.

Shangazi, unaona tulivyochezewa? Hadithi zote zile za babu na bunduki yake, jinsi alivyoifunga waya kwa mikono yake, jinsi bibi alivyokuwa akiipapasa kila jioni kabla ya kulala. Babu hakuwa na bunduki. Kaka yako alinunua chuma dukani, akakitundika ukutani, akakitungia ukoo. Kisha mama akafa ili uongo huo usivuliwe nguo. Nilidhani alikuwa mtu mwenye moyo mgumu. Kumbe alikuwa mtu wa kujionyesha tu, na hilo linaniuma zaidi. Moyo mgumu ningeweza hata kuuheshimu.

Waambie askari wenu hiyo ni takataka. Mimi nimemaliza.

Mpwa wako.


29 Juni

Mwanangu,

Mkeo nimemsalimu, mtoto nimembusu. Leo salamu ni hizo.

Barua yako nilipoisoma nilitaka kukuchapa, nikakumbuka uko mbali na una ndevu. Umri wa bunduki umeusoma sawasawa. Thamani yake umeisoma sawasawa. Yaliyobaki umeyasoma kama mtu aliyekalia miwani yake.

Babu yako alikuwa na bunduki. Nina hakika kwa sababu mimi ndiye niliyeivunja. Nilikuwa msichana mdogo, nikaiteremsha ili nijifanye mwindaji, ikaniponyoka, kitako kikapiga kizingiti cha mlango. Ukaingia ufa ambao ukucha wangu ulikuwa ukizama ndani yake. Nilichapwa mpaka kaka yangu akaingia kati na kusema ni yeye aliyeiacha vibaya, naye akapata zake. Jioni ile baba yetu akaufunga ufa kwa waya wa shaba. Ninaujua ufa ule kuliko alama ya chanjo iliyo mkononi mwangu.

Jana nimefungua waya. Ulikuwa umebana, umezungushwa mstari kwa mstari. Nimefungua taratibu, nikaupangusa mti kwa upindo wa kanga, nikaupapasa kwa kidole. Chini ya waya hakuna ufa. Mti ni mzima, umepigwa msasa na mtu anayejua kazi ya msasa. Waya ule ulikuwa umefunga kidonda ambacho hakijawahi kuwepo.

Kwa hiyo zilikuwa bunduki mbili. Ya kwanza ilikwenda wapi, sisemi. Niliapishwa na watu wawili, mmoja ni marehemu, na mimi kiapo sikivunji. Lakini hakuna aliyeniapisha nisikuulize. Nakuuliza basi. Bunduki hii ya pili ililetwa hapa nyumbani wakati gani? Ni nani katika nyumba yetu, iliyokuwa ikiishi kwa meza na vitanda vya watu, alipata mwaka huo nauli, ada na koti jipya? Na huyo Mfadhili wako, ulimwona? Ulipewa anwani yake? Barua zako zote za shukrani zilipita mikononi mwa nani?

Nimemaliza maswali. Sasa jambo ambalo nalo nilikatazwa kulisema, ila hilo sikuliapia. Kikohozi cha kaka yangu si cha vumbi la mbao. Tangu mwezi wa tano hatoki kitandani. Alisema nisikuandikie, usije ukaja kwa kumhurumia. Mara moja tu aliniuliza, "Posta hakuna kitu?" Nikamwambia hakuna. Akasema, "Ana kazi nyingi."

Simu ya posta imekufa tangu mvua zianze. Njoo.

Shangazi yako.


10 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako imenifikia leo mchana dukani. Treni ya huko ni moja kwa juma, nayo imeondoka leo asubuhi. Niliisikia ikipiga honi wakati nikisaga lenzi, sikujua inaniita mimi. Nitapanda ijayo. Barua hii nampa dereva wa gari la posta, litanitangulia.

Nimejibu maswali yako. Nilikuwa nimekaa na mteja amevaa fremu ya kupimia, nikamwacha hapo hapo, nikatoka nje kusimama. Mwenye duka alidhani nimefiwa.

Koti lile bado ninalo. Nililivaa siku ya kuondoka, baba akanifunga kifungo cha juu, akasema, "Ukifika umwandikie Mfadhili, watu wazuri hupenda kushukuriwa." Alisema hivyo bila kucheka wala kupepesa macho. Na mimi nikaja baadaye nikapiga magoti mbele yake nikamwambia auze kitu ambacho alishakiuza, nami nilikuwa nimekivaa mwilini na kukibeba kichwani. Kwa nini hakuniambia? Neno moja lingetosha. Shangazi, kwa nini aliniacha niondoke namna ile?

Msomee karatasi hii iliyo ndani. Kama macho yake yako kama ulivyosema, msomee kwa sauti.

*Kwa Mfadhili wangu Mheshimiwa,*

*Natumaini waraka huu unakukuta una nafuu. Mimi ni yule mwanafunzi uliyemlipia chuo cha miwani. Samahani kwa kukaa kimya, anwani yako nilikuwa nayo siku zote na sikuijua. Kazi nimeijua, wanasema mkono wangu ni mzuri, na mkono huo nimeurithi kwa seremala mmoja.*

*Nilikuahidi miwani. Nimeianza mchana huu. Nilikuwa nikisema sijui upana wa uso wako, sasa naujua, ni kama wangu. Nakuja nayo. Nitakupima mwenyewe, utakaa karibu na dirisha, nitabadilisha lenzi moja moja nikikuuliza, sasa je, na sasa je, mpaka uone alama za futi lako. Tafadhali ningoje. Sijawahi kukuomba kitu baada ya yote uliyonipa, naomba hilo.*

*Mimi mwanao.*


15 Julai

Mwanangu Macho Manne,

Barua hii nimempa mkuu wa stesheni, akukabidhi ukishuka. Usisome ukiwa umesimama. Pale karibu na tangi la maji pana benchi, ni kazi ya mikono yake, kaa hapo.

Hakungoja. Alitutoka tarehe kumi na mbili, mchana, akiwa amelala. Tulimzika kesho yake asubuhi, ubavuni kwa mama yako. Mchana gari la posta likafika na barua yako. Dereva aliniona nimekaa nje na watu, akaniwekea mapajani.

Kiapo changu kimekwisha, aliyeniapisha ameondoka nacho. Hakuna askari aliyepita hapa kuuliza umri wa bunduki. Mimi nilitaka tu uujue mwenyewe, kwa njia ambayo haikupita mdomoni mwangu. Sikujua njia hiyo ingekuwa ndefu hivi. Ningejua ningekivunja kiapo, Mungu angenisamehe, na hilo litanikaa moyoni mpaka nami nilazwe pale.

Sikiliza sasa. Aliyesema kwanza bunduki ya babu iuzwe ni mama yako. Alikuja mkusanyaji wa vitu vya kale, akaipenda, na ufa wake akaupenda. Bibi yako alikuwa haoni, na kila jioni lazima aipapase ya mumewe ukutani ndipo alale. Ndiyo maana kaka yangu akanunua ile ya dukani, akakichonga kitako kikafanana, akazungusha waya. Jioni ya kwanza bibi akapitisha vidole kwenye waya, akasema, "Imepungua uzito kidogo, hata nayo inazeeka." Akaenda kulala. Mpaka leo sijui kama alidanganyika au alitusaidia.

Umeuliza kwa nini hakukuambia. Mama yako alipokuwa wodini alitushika mikono, mimi na yeye. Akasema, "Mtoto asijue. Akijua atasema shule yake ndiyo iliyoniua." Ulipopiga magoti kwenye yale maranda nilikuwa mlangoni kweli, nilimwona uso ambao wewe hukuuona. Ulipotoka, randa ilimwanguka. Nikamwambia, mwite, mwambie. Akasema, "Heri anichukie mimi kuliko ajichukie mwenyewe. Mimi nitavumilia." Alivumilia, mwanangu. Alivumilia vibaya, lakini alivumilia.

Na barua zako kwa Mfadhili zilifika. Ikija moja, aliingia karakana, akafunga mlango, akaniita nimsomee, kwa kuwa mwandiko wako ni wa kuku. Nikisoma "Kwa Mfadhili wangu Mheshimiwa", alikuwa akicheka mpaka anashika meza. Anasema, "Nimeitwa Mheshimiwa leo. Seremala mzima, Mheshimiwa." Siku hiyo yote alikuwa akitutania, anamwambia mama yako, "Mletee Mheshimiwa maji ya kunywa." Kisha anaikunja barua anaiweka pamoja na futi lake. Kila mwaka wa chuo chako alikuwa Mheshimiwa siku moja.

Waya sikuweza kuurudisha. Nimeuzungusha, haukai, unafyatuka. Uko kwenye benchi lake la kazi, utaujaribu wewe. Miwani ije hivyo hivyo hata kama haijakwisha, tutajua pa kuiweka.

Uliniagiza nimsomee kwa sauti. Jana nimeingia karakana, nikafunga mlango kama zamani, nikakaa kwenye kigoda. Nikafungua karatasi yako, nikasoma, "Kwa Mfadhili wangu Mheshimiwa." Nikanyamaza hapo, nikangoja acheke.

Shangazi yako.